Sikio la Ndama

Katika chuo chetu cha Corley, chuo cha miaka miwili ambako watoto wa bonde hili huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu, darasa la ufinyanzi lina wanafunzi wa aina mbili. Wako wanaopita, na tuko sisi tusioondoka. Mimi ni wa hao wa pili. Niliendesha basi la shule mpaka magoti yakanigomea, kisha mume wangu akafa na nyumba ikawa kimya kupita kiasi. Basi kila muhula najiandikisha upya darasa lilelile, nafinyanga mabakuli yaleyale mabaya, na hakuna wa kunifukuza. Wanaopita huja, hukaa kidogo, wakaenda zao. Germano Toste alikuja kupita akashindwa kupita, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Alikuja majira ya baridi, siku ya ukungu ule wetu unaomeza hata boneti ya gari lako mwenyewe. Mtu wa makamo, kifua kama pipa, viatu vya mpira vya zizini miguuni. Ukoo wake ulitoka visiwa vya Azori zamani, na tangu washuke melini hawajawahi kufanya kazi nyingine isipokuwa kukamua ng'ombe. Baba yake alikufa hukohuko, dume lilipombana kwenye vyuma vya zizi. Germano alirithi ndoo. Halafu tajiri wake akauza ng'ombe wote, akapanda milozi, na wakamuaji wakaambiwa serikali itawasomesha kazi nyingine.

Alisimama mlangoni, akanusa hewa.

"Samahani, bibi. Hapa ndipo wanapofundisha kuchomelea vyuma?"

"Kuchomelea kumejaa. Hapa tunafundishana kupoteza wakati. Kaa."

Akakaa. Alihitaji somo moja zaidi ili posho yake ya serikali isikatwe, na sisi ndio tuliokuwa na kiti. Mwalimu Tandy akampa donge la udongo afanye kikombe. Mwalimu huyu alifundisha vyuo vitatu ili apate mshahara wa chuo kimoja, na chakula chake cha mchana alikula akiwa anaendesha gari. Aliporudi kwetu mezani hakukuta kikombe. Alikuta kwato ya ndama, changa, yenye ule utando laini wa kuzaliwa, na nywele chache zilizolowa juu yake. Tandy alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Umefundishwa wapi?"

"Sijafundishwa, Mwalimu. Nimezivuta nyingi tu, ng'ombe wakizaa."

Kuanzia hapo alifinyanga ndama, na ndama tu. Kichwa, goti, mgongo uliopinda. Wengine walimtania kwamba akimaliza atafungua bucha. Mimi niliuliza kwa nini wote ni madume, maana mtu wa zizini hasahau kuweka alama hiyo hata kwenye udongo.

"Madume hayatoi maziwa, Bi Laverne," alisema bila kuinua macho. "Siku hiyohiyo ya kuzaliwa lori linawapitia. Mara nyingi hata dang'a hawajaonja, yale maziwa ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nawabeba mpaka kwenye lori. Wananinyonya vidole njiani, wakidhani ni mama."

Alikuwa na tabia moja. Kila akipita karibu na kazi yake alilishika sikio kwa vidole viwili, akaenda zake. Nilimcheka, akanieleza kama unavyomweleza mtoto. "Zizini ndicho kitu cha kwanza. Unaingia asubuhi, unashika sikio. Lina joto, mtoto mzima. Likiwa baridi, umechelewa."

Sasa, na sisi tulikuwa na kushika kwetu. Tandy hakuruhusu kitu kiingie kwenye tanuri kabla mwenye kazi hajakilazia shavu, tena pale penye unene. Udongo wenye maji ndani husikika baridi kwenye ngozi hata kama juu umeshakuwa mweupe. Ukiuchoma hivyo, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na kazi yako inapasuka na kuzipasua za jirani zako. Ndiyo maana siku ya kupanga tanuri wote tulitoka darasani na vumbi kwenye shavu moja.

Muhula wa mwisho wa Germano, Tandy aliwaita pembeni yeye na Maricruz Olvera. Maricruz alikuwa binti wa wachuma zabibu, mdogo, mkali wa maneno, na alikuwa anafinyanga mitungi yenye nyuso za shangazi zake. Kwa wingi wa shangazi alionao, kazi isingeisha. Tandy aliwaambia kwamba chuo kikuu kule pwani kitamtuma profesa mwezi wa tano kutazama kazi kwa macho yake. Atakayempenda atahamia kule na kusomeshwa bure. Maricruz alikuwa na rafu nzima ya kuonyesha. Germano alikuwa na vipandevipande, kwato hapa, goti pale. Alihitaji ndama mmoja kamili.

Jioni ile alinisindikiza mpaka kwenye gari langu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Bi Laverne, posho inakwisha mwezi wa sita. Binamu yangu ananiita jimbo la Aidaho, kaskazini, kuna zizi kubwa wanataka mkamuaji. Nikipata hii ya pwani, sitii mguu zizini tena. Nisipoipata, najua nitakapofia."

"Acha uchuro."

"Si uchuro. Baba alijua pia."

Alimfinyanga ndama wa saizi yake halisi, amejikunja, kichwa kimelala juu ya miguu ya mbele. Sijui nilisemeje. Nina umri huu, nimezika watu, sikuwahi kusimama mbele ya donge la udongo nikataka kulifunika blanketi. Tandy alimwamuru achimbe tumbo kwa ndani mpaka libaki gamba tu, naye akachimba. Masikio aliyafanya membamba kiasi kwamba taa ilionekana kwa upande wa pili.

Ijumaa ya kupanga tanuri mimi nilikuwa kwa daktari wa magoti, kwa hiyo haya nayasema kama walivyonisimulia wao wawili, na hawakupishana neno. Tandy alikuwa kwenye chuo chake kingine. Kila mtu alibeba kazi yake, akaweka shavu, akaingiza. Germano alimbeba ndama mikononi kama alivyozoea kuwabeba, akamlaza chini katikati. Maricruz alikuwa anapanga shangazi zake pembeni, nusu nzima ya wale aliokuwa nao.

"Anko, umeshaweka shavu?"

Germano akainama, akashika sikio.

"Ana joto. Mtoto mzima."

Naye Maricruz akaamini, kwa sababu nani angemfundisha Germano Toste habari za ndama? Wakafunga mlango.

Jumatatu tulifungua. Harufu ilikuwa ya kawaida, vumbi na moto uliolala, ila Tandy alipovuta mlango kitu kilimwagika miguuni mwake kikilia kama kokoto. Tumbo la ndama halikuwepo. Mgongo ulikuwa umetupwa mpaka dari ya tanuri, miguu imesagika. Mabakuli ya watu, sahani, shangazi za Maricruz, vyote vilikuwa vigae. Kichwa pekee kilikuwa kizima, kimelala juu ya takataka zile na masikio yake mawili, hata ufa hakuna.

Germano alipiga magoti, akaanza kuokota, si vya kwake, bali pua na vipaji vya nyuso za shangazi, anavipanga kwenye aproni yake.

"Ni tumbo," alisema. "Niliongeza udongo kwa ndani Jumatano. Mbichi."

"Uliongeza?" Tandy alimkodolea macho. "Nilikwambia uchimbe, wewe ukaongeza?"

"Lilikuwa limebonyea, Mwalimu. Alionekana hajanyonya. Sikutaka aende na njaa."

Hapo Maricruz alilipuka. "Ni udongo, anko! Udongo hausikii njaa!" Alimpiga begani na taulo chafu, akampiga tena, kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti, na yule mtu mzima akaendelea kuokota.

Mimi ni mkaidi. Usiku haukunipa usingizi, na Jumanne nilifika kabla ya wote. Profesa alikuwa anakuja siku hiyo, na sikukubali akute meza tupu penye jina la Germano. Nilivitandaza vile vigae mezani kama vilivyokuja, nikaweka kichwa mahali pa kichwa. Germano alipoingia akaniambia nivitupe. Nikamwambia avitupe mwenyewe kama ana nguvu za kunisogeza. Hakuwa nazo.

Profesa alikuwa mama mrefu wa mvi fupi, mpole. Alitazama rafu ya Maricruz kwa muda mrefu, akauliza majina ya shangazi waliosalia, akacheka mahali pa kucheka. Kisha akaja kwenye meza ya vigae. Alizunguka. Akainama mpaka usoni pa ndama. Aliponyooka, nami nimeendesha watoto miaka yote ile nazijua nyuso, niliona kwamba amenasa.

"Hii," alisema taratibu. "Kichwa kimetulia, mwili umetoweka. Ulikusudia kuupasua ndani ya moto?"

Ndugu zangu, neno lenyewe lilikuwa moja. Nyuma ya profesa, Tandy, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata kuhusu mabakuli yangu, alikuwa anatikisa kichwa: ndiyo, sema ndiyo. Nikamtazama Maricruz, macho bado yamevimba. Mtoto yule, Mungu ambariki, naye akatikisa kichwa: ndiyo.

Germano aliwaona wote wawili. Akavua kofia.

"Hapana, mama. Humo ndani kulikuwa na kazi za huyu binti na za wenzangu. Nani mwenye akili angewafanyia hivyo kwa makusudi?"

"Lakini baada ya kuona matokeo, pengine ungependa kuyaita..."

"Nilishika sikio nikasahau tumbo. Basi. Ni kosa la mkamuaji."

Yule mama alimtazama kwa huruma. Huruma ile nilijua haina faida. Akaandika kitu kifupi, akamshukuru, akasogea kwenye meza iliyofuata.

Wiki mbili baadaye Tandy alimwambia Germano karibu na sinki, akiwa anaosha brashi iliyokwisha kutakata. Kule pwani walisema kipaji kipo, kazi iliyokamilika haipo, ajaribu mwaka ujao. Mwaka ujao! Kana kwamba tumbo la mtu nalo linangoja mwaka ujao. Maricruz alipata. Alimkumbatia Germano bila neno, na yeye akampa aproni iliyofungwa fundo, yenye nyuso zote alizoweza kuziunga kwa gundi.

Mimi nilimkasirikia, na sikumficha.

"Mpumbavu wewe! Neno moja! Maricruz mwenyewe alikuruhusu!"

"Aliniruhusu kwa sababu ni mtoto mzuri," alisema. "Halafu, Bi Laverne, ningekwenda kule niwafanyie nini? Miaka miwili nakaa nawapasulia ndama?"

Alicheka. Mimi nilishindwa.

Aliondoka baada ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, siku ambayo watu wa Azori humlisha kila anayekuja. Mama yake alinilazimisha kuketi pale ukumbini mwao, akanijazia bakuli la mkate uliolowa mchuzi wa nyama na mnanaa, akanieleza kwa fahari kwamba mwanawe amepata kazi nzuri Aidaho, ng'ombe elfu kadhaa, mashine mpya. Hakuwahi kuambiwa habari za pwani. Nilikula nikamaliza, maana ningefanya nini kingine? Nje, Germano alifungua gari lake akanikabidhi kichwa cha ndama, kimefungwa kwenye shati kuukuu.

"Kule kitavunjika," alisema.

Nimekiweka jikoni, juu ya kabati la dirishani. Bado najiandikisha kila muhula. Maricruz alimaliza chuo kikuu, na husimama kunisalimia akipita bondeni. Tandy amechoka zaidi. Kazi zinapopangwa kwenye tanuri naweka shavu kwa kila bakuli, na kwa kazi za jirani yangu pia, wanaonicheka wacha wacheke.

Krismasi iliyopita Germano alinipigia. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa imezeeka, na nyuma yake nilisikia mashine zikivuta maziwa, tup, tup, tup. Dume lilikuwa limemvunja mbavu wakati wa vuli, akalitaja kama mtu anayetaja mafua.

"Unafinyanga?" nikamuuliza.

"Huku ardhi imeganda, Bi Laverne. Hata jembe haliingii. Yule bado yupo?"

"Yupo hapa jikoni."

"Hebu mshike sikio."

Nilijiona mjinga, kikongwe mzima na simu begani, lakini nilinyoosha mkono nikalishika. Dirisha lilikuwa na ukungu, na jiko nilikuwa sijaliwasha.

"Baridi," nikasema.

"Basi tumechelewa," alisema, akacheka kile kicheko chake, akaniambia ng'ombe wanamwita.