Mbuzi Aliyebaki kwa Mama

Mnisamehe kwa mwandiko uliopinda na maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu huenda polepole.

Juzi nilimwona mtu akipandisha mbuzi mlimani, nikaikumbuka harufu ya alasiri ile. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Wajomba zangu walifika kwetu Masisi kutoka Walikale, wakirudisha mbuzi wa mahari ya Mama, kwa sababu yeye na Papa walikuwa wameachana. Mimi sikujua. Nilifurahi, nikawakatia mbuzi majani.

"Mbuzi moja inakosa," Papa alisema. "Iko wapi?"

"Imebaki kwetu," mjomba akajibu. "Dada yetu alikuzalia mutoto. Ao huyu ulimuzaa peke yako?"

Wazee walicheka, Papa hakucheka. Wakaamua nibaki kwa Papa, na Mama awe anakuja kuniona wakati wa kuvuna maharagi.

Nilidhani Mama angerudi kabisa siku ya kumleta mbuzi yule. Alipokuja mara ya kwanza, akinukia moshi na mawese, nilishika kitenge chake.

"Mama, leta ile mbuzi, urudi nyumbani."

"Hapana, mutoto wangu. Nikiileta, watanifungia njia ya kuja kukuona."

Leo naelewa: mbuzi yule aliyebaki kwao ndiye aliyeonyesha kwamba mimi bado ni mtoto wake pia. Siku ile sikuelewa, na kila jioni niliendelea kumwomba Mungu mbuzi arudishwe.

Ninyi mliolelewa upande mmoja, niandikieni: mama zenu waliruhusiwa kuja lini?