Picha ya Kabla

Mimi ni mwoga, nalisema mapema ili nisije nikaonekana shujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, naogopa daktari anayesoma cheti akiwa kimya. Lakini woga wote huo ni mchezo wa watoto mbele ya woga nilioupata kwa sababu ya picha moja ya chumba, chumba cha nyumba nisiyoijua, cha watu ambao hata kwenye picha yenyewe hawakuwemo.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne, tulipokuwa tunaishi Majengo, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya fundi cherehani. Tangu hapo nilitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa hadi ukingoni. Hii ya pili ilipofika miezi saba mume wangu akanipandisha Marangu kwa mama yake, yeye akabaki mjini kazini. Kwao mwanamke akijifungua hulishwa na mama mkwe miezi mitatu, mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, hata sufuria haruhusiwi kuinua. Mimi mtu wa Dodoma. Kwetu unajifungua, wiki ya pili uko kisimani na ndoo yako. Nikasema sawa, nani anakataa kulishwa?

Nilipewa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama shambani. Na shamba la kule si la kwendea mbali, migomba na kahawa vinaanzia ukutani mwa nyumba na kushuka hadi kwa jirani. Ndani palikuwa na kitanda cha chuma, kalenda ya kanisa ya mwaka juzi, kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, na maua ya plastiki ambayo jua lilishayanyonya rangi yote. Hapo ndipo nilipokaa na simu yangu. Nikiinama kuokota kijiko, mama mkwe anaguna.

Ndipo nilipoingia kwenye zile picha. Kumbe kuna watu kazi yao ni kupiga picha vyumba. Kuta nyeupe, zulia moja, kikapu kimewekwa pembeni, jua limeingia dirishani likajilaza sakafuni. Nilitazama mpaka bando likaisha, nikanunua jingine. Nilizipenda kwa sababu ndani ya vyumba vile hakuna baya linaloweza kutokea. Hakuna mtu, basi hakuna wa kufa. Ndivyo nilivyowaza, na sikumwambia yeyote.

Moja ilinishika kuliko zote. Chumba cha mtoto mchanga: kitanda kidogo cha mbao, pazia jeupe, na kwenye kona mmea wa majani marefu ya kijani yaliyoinama kwa nje, kwenye chungu cheupe. Nikajiambia mtoto wangu akikuta chumba kama hiki, atakaa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, atakaa. Yule wa kwanza hakukaa.

Nikaanza. Nilimwagiza mume wangu pazia jeupe kutoka mjini, nikalitundika mwenyewe. Mama mkwe akasimama mlangoni, akaliangalia.

"Mwanangu," akasema, "mgeni hatandikiwi kabla hajapiga hodi."

Lakini hakulitoa. Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huyapima kwanza. Nikachukulia kunyamaza kwake kuwa ruhusa, nikaendelea. Kikapu nikapata, mkeka nikapata, kalenda nikaificha uvunguni. Ukabaki mmea.

Jumatano moja mama mkwe alikwenda kanisani kwenye kikao cha wanawake. Nikateremka shambani taratibu, mkono mmoja kiunoni, na huko chini kabisa nikauona. Mmea wangu wa kwenye picha, wenyewe hasa! Mitatu, imejipanga mstari mmoja, hakuna anayeihangaikia. Mtu wa Dodoma ukimleta Marangu anachanganyikiwa. Kwetu jani bichi lina mwenyewe, na mwenyewe analimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Kule kila kitu ni kijani, nikadhani kijani chote ni cha bure.

Wanaopamba nyumba wana desturi ya kupiga picha ya kabla na picha ya baada. Nami nikapiga ya kabla, pale pale shambani, mimea ikiwa ardhini. Halafu nikachukua jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi hilo jembe nilijipa mwenyewe, kwa kiherehere changu. Ardhi ilikuwa laini, nikang'oa yote mitatu. Tena kwa kuwa nililelewa kutoacha shimo wazi, nikafukia mashimo vizuri, nikasawazisha kwa mguu, nikatandaza majani makavu juu.

Nikaipanda kwenye makopo matatu ya rangi niliyoyavalisha kitambaa cheupe, nikaipanga kwenye kona, nikapiga picha ya baada. Nakwambia chumba kilipendeza. Nikamtumia mume wangu.

Akapiga simu hata dakika haijaisha. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Kule chini shambani."

"Chini wapi?"

"Karibu na ile kahawa iliyoinama. Mbona?"

Nikasikia watu wa kazini kwake wakicheka nyuma yake. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Hayo ni masale, na yale matatu ndiyo mpaka. Upande wa pili anakaa baba mdogo, ndugu wa damu wa marehemu baba yake. Mwaka baba mkwe alipozikwa, mama na baba mdogo waligombania kipande kile cha shamba mpaka karibu washikane. Wazee wakaja, wakapima, wakayapanda yale masale kwa mikono yao, wakala kiapo. Tangu siku hiyo wale wawili hawasemezani. Wanapishana barabarani kila mmoja akiangalia upande wake.

"Sasa aliyeyang'oa?" nikauliza.

"Hayo ni maneno ya wazee tu."

"Aliyeyang'oa inakuwaje?"

"Wanasema nyumba yake haikai mtoto."

Neno langu lile lile. Nikakaa kitandani, na mkono ukaenda wenyewe tumboni. Mume wangu alikuwa bado anaongea: yarudishe, kwenye mashimo yale yale, kabla mama hajarudi, usimwambie mtu. Rahisi kusema ukiwa mjini.

Niliyabeba moja moja. Manyunyu yalikuwa yameanza na njia inateleza. Kila hatua nilikuwa nikisema, kaa, kaa, kaa, sijui nilikuwa nasema na mtoto au na miguu yangu. Nilipofika pale, mashimo sikuyaona. Nilifukia vizuri mno. Ardhi yote sawa, majani makavu yote sawa, na mimi katikati na masale mkononi kama mwizi aliyesahau alikoiba.

Nikakumbuka picha ya kabla. Nikafuta simu kwa khanga, nikaifungua, nikaikuza kwa vidole viwili ili nione la kwanza lilikuwa umbali gani kutoka kwenye kahawa. Nikalipata. Nikaisogeza picha kutafuta la pili. Nikalipata. Nikaisogeza tena kutafuta la tatu, na nyuma yake, katikati ya migomba, nikaona mabuti ya mvua.

Nikapandisha picha. Juu ya mabuti kulikuwa na suruali, juu ya suruali koti, juu ya koti mkono wa mzee umeshika mgomba. Halafu kofia ya pama. Halafu uso, unaniangalia mimi moja kwa moja.

Niliinua macho taratibu kutoka kwenye simu kwenda kwenye migomba yenyewe, pale pale, na hapakuwa na mtu. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baba mdogo, maana nani mwingine wa upande ule, alisimama hatua kumi kutoka kwangu wakati nang'oa mpaka wake, akaniona mwanzo mpaka mwisho, na akaondoka bila neno. Mtu anayekugombeza umeshamjua. Anayekuona akanyamaza, huyo anakwenda kufanya nini?

Nikayapanda kwa mikono, kucha zimejaa udongo, la kati nikalikadiria tu maana macho yalikuwa yanacheza. Nikapanda nyumbani, nikaoga, nikalala nikitazama ukuta. Mama mkwe aliporudi nikamwambia mgongo unauma.

Siku hiyo mtoto hakucheza. Kila jioni alikuwa na kawaida ya kunipiga teke la ubavu, siku hiyo kimya. Nikalala ubavu wa kushoto, nikanywa maji baridi, nikamwimbia, nikamsihi. Alhamisi alicheza mara mbili, kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Ijumaa mama mkwe alinipeleka zahanati kwa ajili ya ule mgongo wangu wa uongo. Muuguzi akasikiliza tumbo, akasema mapigo yapo. Nikamwomba asikilize tena. Akasikiliza tena, akaniangalia, akasema yapo mama. Nilitoka pale nikiwa sijaamini hata chembe.

Tuliporudi nikakaa jikoni namtazama mama mkwe akimenya ndizi. Sikuweza tena. Nilianza kulia kwanza, maneno yakafuata, nikamwambia yote: picha, jembe, masale, simu ya mwanawe, yule mtu migombani. Nikamwambia naogopa mtoto wangu hatakaa.

Kisu kilisimama. Hakunigombeza, hata jicho hakunitolea.

"Alikuona?"

"Aliniona."

"Siku ya tatu leo. Na hajasema kwa mtu?"

"Sijasikia."

Akanawa mikono, akaifuta kwa khanga, akanyoosha kiganja. "Hebu hiyo simu."

Nikamfungulia, nikamkuzia. Aliisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena. Nilikuwa nasubiri hukumu yangu, roho mkononi.

"Amekonda," akasema.

Akanirudishia simu. Akatoka mbele ya nyumba, akakata jani moja la sale kwenye kichaka kilichokuwa pale karibu na mlango siku zote nikikipita, akalifunga fundo katikati. Akaniambia mtu akiletewa jani hilo na aliyemkosea hawezi kukataa kusamehe, hata kama moyo unakataa. "Nenda kwa mikono miwili," akasema. "Mimi nitakusindikiza mpaka kwenye kahawa." Na kweli, kwenye ile kahawa iliyoinama alisimama, akageukia upande mwingine.

Baba mdogo alikuwa kwake upande wa pili akikata majani ya ng'ombe. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Nikapiga magoti yote mawili chini, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaliona jani, akashusha panga. Akalichukua. "Inuka. Hali hiyo si ya kupiga magoti."

"Nisamehe baba. Sikujua."

"Niliona hujui. Anayejua haendi na simu." Akaliangalia lile sale la kati. "Hili umejipunja. Umelileta kwenu hatua nzima."

Akainama, akalichomoa kwenye udongo uliokuwa bado laini, akalirudisha kuelekea upande wake mwenyewe, hatua moja kamili, akalishindilia kwa buti. Mama mkwe kule kwenye kahawa alikuwa bado anaangalia pembeni, lakini shingo yake ilikuwa imekaza.

"Baba, kwa nini hukuniita siku ile?"

"Nilitaka kukuita. Nikaogopa. Tumbo kubwa namna hiyo, ungeshtuka, ungeanguka, halafu wangesema ni mimi."

"Na nyumbani kwa nini hukuja kusema?"

"Ningesema na nani?" Akapangusa panga kwenye suruali. "Mimi huwa nashuka pale migombani kila siku. Nasikiliza kama mtoto ameshalia. Huyo ni mjukuu wa kaka yangu."

Tangu Jumatano nilikuwa nimekufa mara mia kwa ajili ya mzee huyu, kumbe naye alikuwa amesimama pale na woga wake. Nikapanda, nikamkuta mama mkwe, nikamweleza neno kwa neno. Akasema twende, ndizi zinakuwa nyeusi.

Nilijifungua wiki sita baadaye, salama, mtoto wa kike. Chumba hakikufanana na picha hata kidogo. Palikuwa na beseni, chupa mbili za chai zilizojaa mtori, nepi kwenye kamba, na kalenda ya kanisa ilirudi ukutani bila mimi kuulizwa. Woga wangu haukuisha. Mtoto akilala sana namwamsha, akilia sana nalia naye.

Asubuhi ya pili tangu tutoke hospitali alianza kulia, kilio kile cha kukata pumzi. Nikafungua kifua haraka nimnyamazishe.

"Mwache kidogo," mama mkwe akasema.

Nikamtazama nikidhani sikusikia vizuri. Aliweka bakuli chini, akaenda dirishani, akalivuta pazia langu jeupe hadi mwisho, akafungua dirisha vioo vyote viwili. Akasimama pembeni, mahali ambapo mtu wa shambani hawezi kumwona, mikono ameifumbata.

"Mwache alie kidogo."

Mtoto akalia. Majani ya migomba yalikuwa yametulia, hakuna upepo. Kule chini, karibu na masale, mtu akakohoa.