Sosi ya Magoti

Belmira Tavares hakuudhiwa na kitu kama kusifiwa kwa jambo asilolifanya, na mchana ule wa Sikukuu ya Shukrani, nyumbani kwa binti yake Nilda, alisifiwa mpaka akatamani kurusha sahani.

"Belmira, hii sosi yenu ya kranberi tamu jamani!" alisema Marjorie, mama yake Curtis, mchumba wa Nilda. "Laini, kama jeli. Nilda katuambia ni ya marehemu mama yako."

Belmira alikuwa hajaionja. Akachota kidogo kwa ncha ya kijiko. Sukari! Kranberi na sukari, basi. Pilipili hata ya dawa hamna.

Na wiki nzima alikuwa anatembea kifua mbele mjini Wareham, eti binti kampigia simu: "Mama, mwaka huu usilete kitu. Sosi ya bibi nitapika mwenyewe." Alimwambia kila jirani, hata wasiouliza.

Mama yake, Nha Bemvinda kama watu walivyomwita kwa heshima, alitoka visiwa vya Kepuvede akiwa msichana, akaja kuchuma kranberi, vitunda vyekundu vichachu, kwenye mashamba ya tope, kapiga magoti tangu umande haujakauka. Kranberi nzima ukiiangusha inadunda. Zisizodunda haziuziki, na hizo ndizo walizoachiwa wachumaji. Nha Bemvinda alizichemsha, akazitia pilipili kali iliyotumwa kutoka kwao, akazila na kachupa, ambayo ndiyo makande ya Kepuvede. Akaiita sosi ya magoti, kwa sababu ilimuwasha mdomo mpaka akasahau magoti yanauma.

"Leonilde," Belmira aliita. Nilda akashtuka, maana jina hilo zima halikuwahi kumletea heri.

"Mama, tule kwanza."

"Pilipili iko wapi?"

"Wenzetu hawali pilipili." Nilda aliongea chini chini huku anawatabasamia wageni. "Na leo tusianze habari za magoti, nakuomba."

Hapo damu ikamchemka Belmira. Angeambiwa sosi imetoka dukani angenyamaza, angekula bata mzinga wake akaenda zake. Lakini kumbandika marehemu jina kwenye uji wa sukari, halafu magoti yake yafichwe kama nguo chafu! Aliinuka akabeba bakuli.

"Samahani, Marjorie, rudisha hicho kijiko. Sosi haijaiva."

"Lakini bata mzinga atapoa," Curtis alijaribu.

"Apoe! Kwani alikuwa na homa?"

Jiko lilikuwa palepale, hakuna hata mlango wa kuwatenga, wote wakawa wanamtazama. Alimimina sosi kwenye sufuria, akawasha moto, akafungua mkoba na kutoa fundo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na pilipili kavu alizomletea binti yake kama zawadi, akidhani huyu ndiye anayemrithi bibi yake. Akazisaga kwa kitako cha glasi, kwa nguvu nyingi kuliko zilivyohitaji, akazitumbukiza zote. Moshi wake ulipopanda, Marjorie alijiziba pua kwa kitambaa cha meza na Curtis akakimbilia dirisha.

Nilda alimfuata jikoni, amevimba.

"Umefurahi? Umeniaibisha mbele ya wakwe zangu!"

"Mimi ndiye niliyekuaibisha? Bibi yako kamaliza magoti kwenye tope, wewe ukamchemsha na sukari ukamfanya jeli! Huna haya?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Nilda, na kwa moshi ule huwezi kujua ni ya nini. Belmira akashika sufuria.

"Usiepue," Nilda alisema.

"Nini tena?"

"Ndimu. Bibi alikuwa anakamulia ndimu kabla hajaepua, na chumvi kidogo. Umesahau."

Ilikuwa kweli, hasira zilimsahaulisha. Na badala ya kupoa, Belmira alizidi kuwaka. Tangu mezani alikuwa anajifariji kimoyomoyo kwamba mtoto hakufundishwa vizuri, labda kosa ni lake mwenyewe mama. Kumbe anajua mpaka ndimu!

"Unajua yote."

"Najua yote, mama."

"Na bado ukawapikia ile."

"Nikawapikia ile."

Belmira alimsukumia kisu. "Kata ndimu. Kamulia. Halafu upeleke mezani wewe, kwa mikono yako, uwaambie inaitwaje."

Nilda alikamulia, akakoroga, akamimina kwenye bakuli bila kumtazama mama yake. Alipoliweka mezani, Marjorie alikuwa bado anafuta macho.

"Mungu wangu. Hiyo nayo inaitwaje?"

Nilda alimtazama Curtis, akatazama bakuli.

"Sosi ya magoti," alisema, sauti haifiki hata kwenye kichupa cha chumvi kilichokuwa mbele yake.

Belmira alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Hawajasikia," alisema. "Rudia."