Dina na Mwanamke wa Kisiwani

Dina binti Yohana Mughwai, wa Mungaa. Baba yake Yohana ndiye aliyebeba chumvi ya ziwani kichwani mpaka Sekenke, akawauzia wachimba dhahabu, akarudi anaswaga ndama. Mama yake, Martha, alimfukuza fisi zizini kwa mwiko, na mwiko huohuo ukarudi jikoni kusonga ugali. Dina mwenyewe, mwaka tulioambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, hakungoja lori. Alibomoa tembe yake kwa mikono yake, akabeba nguzo begani, akasema, "Nyumba yangu haibomolewi na mtu ambaye hakuijenga."

Namwandika mimi Theresia, niliyeolewa na mdogo wa mume wake. Nilisoma mpaka darasa la nne wakati wenzangu wanachunga, na niliyoyaona sijayasahau.

Mume wa Dina aliitwa Simeoni Lazaro. Zamani alichukuliwa kwenye ile vita kubwa, akawa askari wa keya, jeshi la Waingereza, akavuka bahari, akarudi na koti zito na Kiingereza cha jikoni. Nyumbani hakuwa na maneno. Aliweza kumaliza masika nzima kwa "ndiyo" na "chumvi iko wapi". Na Dina alikuwa na wivu, sifichi. Simeoni akisifu uji wa jirani, jirani huyo haazimwi moto tena.

Basi ikaja Landrova ya sinema. Bwana Sinema akafunga kitambaa cheupe kwenye ukuta wa ghala la ushirika, akawasha jenereta, kisha akatuambia kwamba mtu wake wa kufasiri ameugua, amebaki mjini. Filamu ni ya Kiingereza. Nani anakijua? Watu wote wakamgeukia Simeoni. Akapewa kipaza sauti.

Ilikuwa filamu ya vita. Askari mmoja Mzungu ameachwa peke yake kwenye kisiwa kidogo, analinda mapipa ya mafuta. Ikaja mashua, akashuka mwanamke muuguzi na sanduku la dawa na kuku mmoja. Sufuria ni moja, nao wanaigombania, huku ndege za adui zinapita juu. Tulicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Mwanzoni Simeoni alifasiri kwa kukwamakwama, halafu ghafla ulimi ukamfunguka. Mtu yule wa "chumvi iko wapi" akawa anasema kama maji ya korongo!

Mwishoni askari akaitwa vitani. Mwanamke akasimama ufukweni, midomo inamtetemeka, na Simeoni akasema kwa sauti laini ambayo hatukuwahi kuisikia: "Rudi na miguu yote miwili. Mikono nitakuazima yangu."

Wanawake wote wakaguna. Dina peke yake hakuguna.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kuona kisiwa isipokuwa Simeoni, aliyepita bahari akiwa askari. Kesho yake kisimani ikawa habari ni moja: ile si hadithi ya Wazungu, ni ya Simeoni, kaifunika kwa ngozi nyeupe tu.

"Dada Dina," Rahabu akaanza, huyo jirani wa uji, "mwenzako wa kisiwani anaitwaje?"

"Muulize shemeji yako."

"Angekuwa hayupo, yale maneno angeyatoa wapi? Mtu hatungi sauti ile."

Dina akajitwisha mtungi, akaondoka. Njiani akaniambia, "Theresia, miaka yote hii nilidhani nimeolewa na bubu, nikamvumilia. Kumbe maneno alikuwa nayo, akayamalizia kwa mwingine. Kama mwanamke huyo yupo, narudi kwa baba yangu kabla ya kupura uwele."

Nilijua hatanii. Mchana akamwekea mumewe ugali mtupu.

"Mlenda uko wapi?" Simeoni akauliza.

"Uko kisiwani. Yule wa miguu miwili atakuletea."

"Mke wangu, ile ni sinema."

"Basi kula sinema."

Jioni ile filamu ilirudiwa kwa ajili ya watu wa vitongoji vya mbali. Dina akaja amejifunga kitenge kiunoni. Hakukaa na sisi. Alikwenda moja kwa moja akasimama kando ya mumewe, na mwanamke alipotokea kwenye kitambaa akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mama," Bwana Sinema akaruka, "hicho ni chombo cha serikali!"

"Na huyu mume ni wa nani, wa serikali?"

Watu wakalipuka. Dina akaanza kumsemea yule muuguzi: "Wewe mwanamume, kabla sijaweka maji kwenye sufuria hii, sema. Una mwanamke mwingine?"

Kwenye kitambaa askari alikuwa anapuliza moto, macho yamemjaa moshi. Dina akamrudishia mumewe chombo ajibu.

"Mimi nalinda mafuta," Simeoni akasema.

"Jibu!" wanaume wakapiga kelele. "Jibu, mzee!"

Wakaendelea hivyo, yeye anauliza, mumewe anakwepa, mpaka tukafika ufukweni. Mwanamke akafungua kinywa, Dina akasema, na sasa sauti yake ilikuwa inakatika: "Yale maneno ya jana ya miguu na mikono. Nani alikuambia?"

Simeoni akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wewe."

"Mimi?"

"Kisimani, siku lori lilipokuja kutupeleka vitani. Ulikuwa na mtungi wa bibi yako. Nilitaka kukutua, ukaniponyoka, ukavunjika ukingo. Nikadhani utanitukana. Ukasema hivyo. Mwanamke wa kwenye kitambaa anasema Kiingereza cha mbio, simfuati. Nikampa maneno niliyonayo."

Jenereta likanguruma peke yake. Yule Mzungu midomo inacheza, hana sauti. Sisi wote tulikuwa tunamtazama Dina.

"Mtungi ule," akasema taratibu, "nilimwambia bibi umegongwa na ng'ombe."

Alikuwa amesahau. Yale maneno yalikuwa yake, naye usiku kucha ameyaonea wivu kama ya mwingine.

Mnadhani alilainika? Akamgeukia: "Maneno yangu! Kwa nini umempa yule?"

"Ulikuwa umeyaacha."

"Sijayaacha. Lete hapa." Akachukua chombo, yeye mwenyewe akamwambia askari wa kwenye kitambaa, mbele ya vitongoji vyote: rudi na miguu yote miwili. Kesho yake mlenda ulirudi, na uwele akaupura kwake.

Tangu hapo, kila Landrova ilipokuja, Simeoni aliwasemea wanaume, na wanawake wote wa kwenye kitambaa, wawe malkia au wauza samaki, aliwasemea Dina. Hakuruhusu kinywa kingine. Mpaka mwaka ule kifua kilipombana Dina, sauti ikawa kama pumba. Gari limefika, watu wamekaa. Akaniita kitandani kwake.

"Theresia, wewe umesoma. Leo utawasemea wanawake."

"Nimekubali, dada."

"Ukigombana na mume wangu, gombana kweli. Mkaripie. Wakifika pale pa kuagana..." Akakohoa, akanishika mkono kwa nguvu. "Hapo mwambie asafiri salama, basi. Ya miguu na mikono usiyaguse. Hayo nitamwambia mwenyewe akirudi nyumbani."