Filamu ya Kwanza ya Mhudumu wa Mochwari

Shangazi yangu anauza filamu za kutisha. Anakujazia kwenye flashi. Mteja mgeni haulizwi anapenda nini. Anaulizwa, "Unaogopa nini?" Ukijifanya shujaa anakurudishia flashi yako, maana hana muda wa kupoteza na waongo.

Siku moja akaja mhudumu wa mochwari, hajawahi kutazama filamu ya kutisha hata moja.

"Sijui naogopa nini, mama. Ndicho nilichokuja kukitafuta."

Jibu hilo shangazi hakuwahi kulisikia. Akavuta kiti, akafikiri weee, kisha akampa mbili: moja ya maiti wanaofufuka, nyingine ya mama anayemsubiri mwanawe mezani, chakula kinapoa.

Kesho yake mhudumu akarudi. Ile ya maiti alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Maiti wangu wana adabu kuliko hao!"

"Na ile ya pili?" shangazi akauliza, macho yamemtoka.

Mhudumu akaiweka flashi mezani polepole.

"Niliizima yule mama alipoanza kupiga simu. Kule kazini, mama, simu huwa zinalia mifukoni mwa marehemu. Haturuhusiwi kupokea."