Mwalimu Aliyetufundisha Kunyima

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano ya msaada mpaka watoto wakasahau ugali mweupe. Ndio mwaka mwalimu wa kompyuta alipokuja kwenye zahanati ya kanisa hapa Mitaboni. Juzi nimeambiwa amefariki. Nimelia, kisha nikafunga leso vizuri, nikaketi kuwaandikia.

Sisi akina mama tuliotembelea wagonjwa tulitakiwa kuingiza majina yao kwenye kompyuta. Ugonjwa wenyewe mnaujua. Siku hizo ukijulikana unao, hata kikombe chako kinatengwa. Kila mmoja alichagua neno la siri. Mimi niliyeishia darasa la tatu niliandika langu kwa kidole kimoja, na wajukuu wangu wanajua bado naandika hivyo! Mwalimu akatoka. Akaingia mzee wa kanisa: "Akina mama, nipeni hayo maneno niwahifadhie." Tukamtajia yote, kwa heshima, kama watu wanaotoa sadaka. Kumbe katumwa na mwalimu! Mwalimu akarudi na kufungua mashine kwa maneno yetu hayo hayo. "Susu," akaniambia, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, "mwizi wa hapa haji na rungu. Anakuja na salamu." Nikamwuliza, "Sasa mzee nimfukuze?" "Mkaribishe. Halafu mnyime." Tukafanya mazoezi ya kumnyima yule mzee mchana kutwa, kwa zamu. Mwenzangu mmoja alinyima akiwa amepiga magoti. Mwalimu akamwambia, "Simama, mama! Hapa hatuombi msamaha."

Kabla ya mavuno, mzee mwingine akaja kwangu, na huyu hakutumwa na mwalimu. Mwanawe alitaka kuoa, naye alitaka kujua kama jina la msichana limo kwenye kompyuta ya wagonjwa. "Nipe hilo neno, kijana wangu atafungua mwenyewe." Nikamwambia, "Chai nitakupa. Neno sikupi." Akafoka, "Mimi niliyesimamia mahari yako!" Nikasimama. Akaondoka, chai ikapoa. Kama jina lilikuwamo au halikuwamo, hamtalisikia kwangu. Msichana aliolewa, na hakuna aliyemtengea kikombe.

Siku hizi kila mtu ana simu, na wezi wanapiga kwa sauti tamu kuliko ya mkwe. Watu wanatoa kila kitu kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Heshima haikuumbwa kwa kazi hiyo. Jana mjukuu wangu kanichokoza: "Susu, mwalimu ameenda, na mashine ile ilitupwa zamani. Si utuambie lile neno sasa?"

Chai nitakupa. Neno sikupi.