Kadi ya Bibi Zuwena

Mwanangu, kesho unaanza kazi ya kaunta, kwa hiyo weka hiyo simu kando kidogo unisikilize. Iko siku moja ya Satwa, kule Dubai, ambayo mpaka leo hainipi raha.

Nilikuwa keshia, mgeni kutoka Kitale, damu inachemka. Duka letu lilikuwa limeanza kupokea kadi za msaada wa serikali, zile walizopewa wajane na wazee wa kule. Kadi hiyo haikuwa ikipita mpaka msimamizi aje na ufunguo wake, na desturi yetu ilikuwa kumwita kwa sauti. Basi alasiri moja ya Ramadhani, foleni imefika kwenye mafriji, mama mzee wa Kiarabu aliyevaa baibui akaitoa kadi yake huku ameifunika kwa kiganja. Nikapaza sauti: "Sir! Kadi ya msaada!" Foleni nzima ikageuka. Nami, nikijua hapo hakuna wa kunielewa, nikanung'unika kwa Kiswahili: "Kumbe hata wenye nchi wanaomba."

Akaniangalia. Akasema, kwa Kiunguja kilichonyooka kuliko Kiswahili changu: "Mwanangu, mie sijaomba. Mume wangu kafa, serikali inanitunza. Sasa ukisema polepole, kadi itakataa?"

Akaacha mchele, maziwa na tende palepale, akatoka mikono mitupu.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja futari ya mtu. Tangu hapo sikutulia. Mlango ukifunguka, shingo yangu iko huko. Bidhaa moja naipitisha mara mbili. Kule Al Nahda tulikolala wengi chumba kimoja, wenzangu wanakoroma, mimi najiuliza yule mama alifuturu nini. Mwishowe nikamwendea msimamizi, nikamwambia sitaita tena, nitainua mkono tu. "Khalas, inua," akasema, "mradi foleni isisimame." Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mfungo ukikaribia kuisha, akarudi. Akazipita kaunta nyingine zote, akaja kwangu. Nikainua mkono, msimamizi akaja, kadi ikapita, na hakuna shingo iliyogeuka.

"Nisamehe, Bibi," nikasema.

"Yamekwisha. Mie naitwa Zuwena. Siku nyingine niamkie kwanza, kadi baadaye."

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na kwenye kaunta mwosha ni wewe. Utajua nani kalipiwa na serikali, nani kadi yake imegoma, nani amerudisha maziwa. Yafie hapo hapo. Amkia mtu kabla hujatazama kadi yake, wala usidhani lugha yako ni ukuta wa kujificha. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mwanangu. Kesho kiganja kitakachofunika kadi huenda kikawa cha mama yako, hiki hapa.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono myepesi na sauti ya chini, na kila atakayepita mbele yako aondoke na chakula chake na heshima yake.